Namba Sita Usiiguse

Monika mayu,

Ukitoka kwaya, michembe ya viazi ipo kwenye sufuria. Mpe bibi kwanza. Mimi nimewahi kituoni na mkokoteni, hawa wanunuzi wapya wa pamba hawangoji mtu.

Sasa usikasirike. Asubuhi nimeona daftari lako la hesabu limejaa penseli kila mahali. Enzi zetu daftari chafu lilikuwa fimbo, basi nikachukua kifutio nikakusafishia kurasa mbili, nikabakiza majibu tu. Nafunga daftari, ndiyo naona masharti ya mwalimu ndani ya jalada: "Usifute. Kosa likate kwa mstari mmoja. Bila njia hakuna maksi."

Nikakaa kuzirudisha njia za hesabu zako, nikifuata alama za penseli zilizobaki. Tano za kwanza nimekopi tu. Ya sita sikuona kitu: 3x + 7 = 22. Nikatoa saba, nikagawa kwa tatu, nikapata tano. Wewe uliandika nne! Nikaiweka nne mahali pa x, ikagoma. Nikaweka tano, ikaleta ishirini na mbili ileile! Nilipiga kelele mpaka bibi yako akadhani nyoka kaingia.

Zilizobaki malizia wewe. Jumatatu mwalimu akiuliza, ~~mwambie mbuzi~~ mwambie ukweli, kwamba ni baba. (Umeona? Mstari mmoja.)

Ila namba sita usiiguse. Mwalimu akiweka alama ya vema, hiyo ni yangu.

Baba yako,
aliyeishia Darasa la Nne