Neno Nisilolijua Mbele ya Wakwe

Jumapili jioni, Matiliku. Upepo wa Agosti umeshinda ukiingiza vumbi ndani ya nyumba. Nimefagia, nikafagia tena, na bado mezani pana mchanga. Siku nyingine ningekuwa nimeshagombana na dirisha. Leo nimeliacha tu, nimekaa na chai yangu, na nimetulia.

Jana tulienda Mwingi kumposea ndugu yangu, na tumerudi salama. Nataka kuyaandika sasa, kwa sababu najijua. Nikishaanza kuwasimulia walimu wenzangu nitajifanya nilikuwa jasiri.

Sikuwa jasiri hata kidogo.

Kwa mliofika hapa leo bila kunijua: mimi ni mwalimu wa Kiswahili, Gredi ya Sita, na ninaishi na mama yangu. Mama ni mtu wa kanisa, wa kupanga viti na kufungua maombi. Ndugu yangu mdogo tulimwita Mutuku. Alienda Mwingi kufanya kazi katika duka la vipuri, akasilimu huko, na sasa jina lake ni Musa.

Mama hakumfukuza wala hakumlaani. Akipigiwa simu anashika, anamuuliza kama amekula, anamwambia habari za mvua. Ila tangu siku hiyo hakuwahi kumtaja kwa jina. La zamani alikuwa ameambiwa halitumiki tena, na hilo jipya lilimkwama kooni. Alimwita "huyo wa Mwingi". Anasema, "Huyo wa Mwingi ametuma pesa ya mbolea." Kila akisema hivyo nilikuwa naumia, na nina hakika yeye aliumia zaidi yangu.

Kisha Musa akapata mchumba, Rukia, msichana wa familia ya Kiislamu iliyotoka Pwani zamani ikakaa Mwingi. Nilidhani mama atakataa kwenda. Baada ya juma zima akasema mbuzi watoke hapa nyumbani, wasinunuliwe huko, kwa sababu mtoto wake haoi bila mbuzi wa ntheo. Kwetu bila hao mbuzi msichana bado ni wa kwao, hata mkae pamoja mpaka mzeeke.

Ijumaa Musa alinipigia simu.

"Ndinda, mum akitoka hapo na hasira, basi. Harudi tena, unamjua. Please, chunga maneno."

Alisema nichunge maneno kwa sababu mimi ndiye nilikuwa mkalimani. Mama anakijua Kiswahili cha sokoni, na mjomba Kioko, ndugu yake, ambaye ndiye msemaji wetu, ana Kiswahili cha kuuzia ng'ombe Emali na hakivuki hapo. Upande wa pili walikuwa wamemleta Mzee Athmani, kaka ya babu yake Rukia, kutoka Mombasa. Vijana wao waliozaliwa Mwingi wanaongea Kikamba kutushinda, na wangeweza kutusaidia vizuri sana. Mjomba alikataa katakata. Alisema maneno ya wageni hayabebwi na mdomo wa wenyeji, kila upande uje na mdomo wake.

Basi nikawa mdomo.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo, kwenye wiki tuliyofunga shule, kwa sababu bila hiyo huyu bwana harusi wetu asingekuwa na harusi.

Nilikuwa nimewapa watoto kifungu cha kujaza mapengo. Sentensi moja ilikuwa hivi: Musyoka alifika nyumbani akiwa na ______, hakuomba maji wala chakula, alirukaruka uani akiimba mpaka mama yake akamuuliza ameshinda nini. Walipaswa kuchagua kati ya huzuni, uchovu na furaha. Karibu darasa zima liliandika uchovu.

Nilikasirika. Nikamsimamisha Mumbua, ambaye ni mwerevu na anajua maana ya maneno yote hayo matatu, nikamuuliza uchovu umetoka wapi na huyu mtoto anarukaruka.

"Mwalimu, si amefika nyumbani? Ukitoka shule ukifika nyumbani huwa umechoka."

Darasa lote likaitikia, eeh mwalimu, unachoka. Nikakumbuka Mumbua anatembea kutoka ng'ambo ya mto kila siku. Walipofika kwenye lile pengo hawakungoja sentensi iishe. Walitia humo maisha yao. Niliwaambia mtu haruhusiwi kuchagua kabla hajafika kwenye nukta, na hata akifika, asome sentensi inayofuata. Kama hujui neno, angalia majirani zake. Niliyasema kwa ukali, na rula ya ubao mkononi, kama mtu ambaye hilo kosa haliwezi kumpata.

Jana basi. Tuliondoka asubuhi na mapema na gari la kukodi, mbuzi wakiwa nyuma. Njiani, pale Tulia, mama alitaka tusimame awatazame mbuzi wake kama wamebanwa. Aliwatazama sana. Nadhani alikuwa anatafuta sababu ya kusema turudi, na mbuzi wakamwangusha, walikuwa wazima kabisa.

Mwingi walitupokea vizuri. Turubai, viti, juisi ya baridi, harufu ya pilau kutoka nyuma ya nyumba. Mama alikaa ameweka kiondo chake magotini na kukikumbatia kwa mikono miwili. Dada mmoja alitaka kumpokea hicho kiondo, akakataa. Mamake Rukia alikaa mbele yetu na wanawake wenzake, amejitanda leso, macho chini. Baba yake Rukia alishakufa, kwa hiyo Mzee Athmani ndiye aliyekuwa akisema.

Na alikuwa anasema! Kiswahili chake kilikuwa kinateleza hata nikasahau kutafsiri, nikawa nasikiliza tu mpaka mjomba ananikoholea. Tulienda hivyo vizuri. Mambo ya mbuzi yakapita, wakacheka, wakasema watawachinja wenyewe kwa utaratibu wao, na mjomba akasema mbuzi ni mbuzi, mradi tule pamoja. Yale mengine ya mahari yakasemwa yakaisha. Nikaanza kuhisi harufu ya pilau vizuri.

Ndipo Mzee Athmani akanyoosha mgongo. Uso wake ulibadilika, akawa kama mkaguzi amefika darasani.

"Mengi mmeyanena, na mazuri. Lakini mkaja wa mama mtu sijausikia."



Mkaja. Nimefundisha Kiswahili miaka yangu yote ya kazi na sikuwahi kukutana na hilo neno. Nililitafuta kichwani, nikalitafuta chini ya viti. Mjomba akanitazama. Musa akanitazama, jasho limemtoka. Mama akaniegemea na kuniuliza kwa Kikamba, polepole, "Amesema nini kuhusu mama?"

Ningeweza kuuliza. Ningesema tu, mzee, hilo neno silijui, nisaidie. Lakini Musa alikuwa amenitambulisha pale kwa mbwembwe kama mwalimu wa Kiswahili, na mimi nilikuwa nimekubali nikitabasamu. Kiburi kilinifunga mdomo.

Na kwa sababu sikujua, nililijaza lile pengo na kitu nilichokuwa nacho. Nilikuwa na hofu. Nilikuwa nimetoka nayo Matiliku, nikalala nayo, nikapanda gari nayo. Kwamba watatuona sisi watu wa kanisa hatufai. Kwamba kutasemwa neno juu ya mama. Nikasikia "mama", nikasikia "sijausikia", nikaona ule uso mkali, na kichwani kila kitu kikakaa mahali pake: mzee anasema hatujaonyesha heshima kwa mama wa msichana. Anatutukana kwa adabu.

Nikafungua mdomo. Nilikuwa nimeshaanza. "Anasema hatuja..."

Mama alikaza mikono kwenye kiondo. Nilimwona akivuta miguu chini ya kiti, vile anavyofanya kanisani akitaka kusimama. Musa naye aliona.

Hapo, sijui kwa nini, nikamwona Mumbua amesimama kwenye dawati lake akiniambia ukifika nyumbani huwa umechoka.

Nikameza maneno. Nikamwambia mama, "Ngoja, mzee hajamaliza." Halafu nikamgeukia Mzee Athmani nikasema, "Endelea baba, tunakusikiliza."

Alikuwa kweli hajamaliza. Alikuwa anavuta pumzi tu, maskini.

"Maana huyu binti hakuokotwa," akasema. "Kuna tumbo lilimzaa, likauma, likafungwa nguo mpaka likapoa. Si lazima kiwe kitu kikubwa. Hata nguo ya kujifunika yatosha. Ila mama mtu asitoke mikono mitupu siku ya mwanawe."

Nikaangalia majirani wa lile neno. Tumbo. Nguo. Mikono mitupu. Nikamwangalia na mamake Rukia, na nikaona kitu ambacho nilipaswa kukiona mapema: alikuwa ameuficha mdomo kwa leso kwa sababu anaona haya, kama mtu anayeombewa zawadi mbele za watu. Mtu aliyekosewa heshima hakai hivyo. Hapakuwa na hasira mahali popote chini ya lile turubai. Hasira niliyoisikia niliibeba mwenyewe kutoka nyumbani.

Nikamwambia mama kwa Kikamba, "Anauliza kitu cha mama aliyezaa. Kitu cha kumshukuru. Hata nguo ya kujifunika."

Mama akanitazama kama sijui nimetoka wapi.

"Blanketi?" akasema. "Kwani walidhani nimekuja bila blanketi?"

Akasimama. Musa akafumba macho, alidhani mama anaondoka. Mama akaingiza mikono ndani ya kile kiondo alichokataa kupokewa, akatoa blanketi zito, jipya, la rangi ya damu ya mzee, bado limekunjwa na karatasi yake ya duka. Kwetu mama wa msichana hupewa blanketi. Baadaye niliambiwa alilinunua Emali kimyakimya, na Musa alikuwa amemwambia asihangaike, hao watu hawana desturi hiyo. Akalibeba hivyo hivyo. Njia nzima alikuwa amekumbatia zawadi ambayo hakujua kama itapokelewa, na mimi nilidhani amekumbatia hasira.

Alivuka pale katikati, akafika kwa mamake Rukia, akalikunjua na kumfunika mabegani. Lilikuwa jua la Mwingi, lile la saa saba, na blanketi la kulalia Nairobi mwezi wa saba. Mama wa watu alitoka jasho papo hapo na hakulivua. Alimshika mama mikono, akamwambia, "Ahsante, dada yangu." Wanawake wakapiga vigelegele. Mama, ambaye Kiswahili chake ni cha kununua nyanya, akatafuta neno, akalipata.

"Mtoto wako ni wangu," akasema.

Hilo sikulitafsiri. Lilikuwa limeshafika.

Nililia kidogo, nikasingizia moshi. Mjomba Kioko akaniambia nimefanya kazi nzuri sana, sijakosea hata neno moja. Pilau nilikula sahani mbili, na kila nikikumbuka lile "anasema hatuja" nilimtazama mama akicheka na wale wanawake, nikachota tena. Ningalimaliza ile sentensi tungalikuwa barabarani na mbuzi wetu.

Kwenye gari nilimwambia mama ukweli, kwamba neno la mzee sikulijua. Akauliza linaitwaje. Nikamwambia, mkaja. Akalitamka, akalirudia, akasema ni zuri, akalala mpaka nyumbani akiwa ameegemea bega langu. Kiondo kilikuwa kitupu, amekitupa chini ya kiti.

Hayo yalikuwa ya jana. Ya leo ni mafupi.

Baada ya ibada wanawake walisimama nje ya kanisa kama kawaida yao. Wengi walijua tulikokuwa, hapa hakuna siri. Mmoja wao, rafiki ya mama wa miaka mingi, akamuuliza kwa ile sauti ya upole ambayo watu hutumia kwenye matanga.

"Na yule kijana wako, mama Ndinda, yuko aje siku hizi?"

Nilikuwa kando na Biblia mbili mkononi, yangu na yake. Nilisubiri nisikie huyo wa Mwingi.

"Musa?" mama akasema. "Musa hajambo. Nikaha yake ni mwezi wa kumi, na nyote mtakuja."

Wakatazamana. Niliwaona kila mmoja akianza kujaza lile pengo na chake. Mmoja alifungua mdomo. Mama aliwangoja tu na mkoba wake begani, na nikaona hakuwa amemaliza.

"Na mvae vizuri," akasema. "Msiniaibishe mbele ya dada yangu."