Nimnunulie mtoto wa mdogo wangu mwanasesere wa bei, au niende mikono mitupu?

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba usome mpaka mwisho kabla hujaniambia pole, maana nikikumbuka nilichofanya naona pole hiyo inamfaa mtu mwingine.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, binti wa miaka mitano, mume wangu ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, mimi nafanya kazi duka la miwani, napima watu macho na kuwachagulia fremu, na nina mdogo wangu wa kike, tumbo moja, yeye ni msusi, amekodi kiti kwenye saluni ya watu na anamlea binti yake peke yake. Huyo binti ana miaka sita na tunamwita Kasuku kwa sababu akiamka ameanza na akilala hajamaliza, atakusimulia hata ndoto ya jirani. Jumamosi ndiyo siku ya wateja wengi wa mdogo wangu na ndiyo siku yangu ya mapumziko, kwa hiyo tangu Kasuku aache kunyonya Jumamosi zote alikuwa kwangu, anacheza na binti yangu, wanakula sahani moja, na mimi ananiita mama mkubwa kwa sauti ya kumwita mtu aliye mtaa wa pili.

Sasa siku moja aliingia dukani mteja na mtoto wake, na yule mtoto alikuwa amembeba mwanasesere ambaye sijapata kuona wa namna ile, nywele za kuchana kwelikweli, macho yanafumba ukimlaza, gauni lina vifungo vya kufungua na kufunga, na yule mama akaniambia kwa utani nimpime macho na huyu mtoto mwingine, nikacheka naye, lakini walipoondoka akili yangu ilikwenda nao. Mimi na mdogo wangu tulikua tukifunga kitambaa kwenye chupa tupu na kuiita mtoto wetu, nikajisemea binti yangu hatabeba chupa, nikajibana miezi mitatu, nikamnunua, bei yake siitaji mbele ya watu. Mume wangu alimgeuza mikononi akasema, "Huyu hatachezewa, huyu atatunzwa," nikamwambia ashughulike na mageti yake.

Alisema kweli, mshauri. Nilimweka sebuleni kwenye kabati la vioo, ufunguo nikauweka juu, na nikatoa masharti, kwanza mikono ioshwe kwa sabuni, pili mtu akae kwenye kochi, si sakafuni, tatu nywele zisichanwe bila mimi kuwepo, na saa ya chakula arudi kabatini. Wale watoto wakampa jina wenyewe, wakamwita Mgeni. Nikawa nawasimulia wenzangu kazini kama kichekesho, kwamba watoto wangu wana mgeni nyumbani, na sikujiuliza kwa nini wamechagua jina hilo.

Jumamosi moja nilimtoa Mgeni, nikawaacha naye kwenye kochi, nikaenda uani kuanika nguo, beseni moja tu, na niliporudi nikawakuta wamekaa sakafuni, mkasi wa jikoni uko katikati yao, na Mgeni upande mmoja wa kichwa hana nywele kabisa, zimekatwa mpaka yale matundu zilikopandwa yanaonekana. Nikauliza nani. Nikauliza tena kwa sauti ambayo mimi mwenyewe sikuijua, na Kasuku akasema, "Ni mimi, mama mkubwa."

Nikaamini papo hapo, si ni mtoto wa msusi, kila siku anaona mikasi. Nikamshika mkono nikampiga, mara mbili, na laiti ningeishia hapo, lakini nikasema, na naandika kama nilivyosema ili nione aibu vizuri, nikasema, "Mtoto aliyezoea takataka utamjulishaje kitu cha thamani? Kwenu umewahi kuona kitu kama hiki?"

Nikasikia mfuko unawekwa chini. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni, mteja wake wa mwisho hakutokea, amewahi, amewaletea watoto machungwa. Hakunigombeza. Alisema, "Mama, vaa viatu twende," akimwambia mwanawe, halafu akanitazama na kuniambia, "Dada, asante kwa kunilelea," kwa upole kabisa, kama mtu anayelipia huduma. Machungwa aliyaacha. Nilishindwa kuyamenya, yakaoza.

Baada ya wiki mbili nilikuwa namsuka binti yangu kwa ajili ya shule, akaniuliza, "Mama, mtu akikwambia ukweli, unampiga mkononi au kichwani?" Nikaacha kitana. Nikamwambia simpigi popote. Ndipo akaniambia kwamba aliyekata ni yeye. Nikamuuliza kwa nini, akasema, "Nilitaka awe mbaya kidogo, ili usimrudishe kabatini." Nikamuuliza sasa mbona Kasuku alisema ni yeye, akaniambia, "Aliniona naogopa. Akasema mama mkubwa hawezi kumpiga yeye."

Mshauri, nilikaa kwenye kitanda cha mtoto nikalia mpaka akachelewa shule.

Tangu siku hiyo nimepiga simu, mdogo wangu anapokea na kusema, "Nina mteja, dada." Nilikwenda saluni, akanikaribisha kiti kama anavyomkaribisha yeyote, akaendelea kusuka, tukaongelea bei ya mafuta ya nywele. Kasuku siku hizi Jumamosi anashinda palepale, amekalia kreti lililopinduliwa, anatenganisha vibanio kwa rangi. Alinisalimia, "Shikamoo mama mkubwa," akainama kwenye vibanio vyake, na nilikaa pale karibu saa nzima sikusikia neno lingine kutoka kwake. Na ule ukweli sikuusema. Niliogopa mdogo wangu akijua kwamba mwanawe alipigwa kwa kosa la mwanangu, basi tena, na atamchukia na binti yangu.

Kasuku anatimiza miaka saba mwezi ujao. Nimeona dukani bado wana mwanasesere kama yule, na nimeanza tena kujibana. Mume wangu anasema niache, mimi naona bila kitu mkononi nitaingiaje. Je, nimnunulie? Na kwa watoto wadogo hivi, vitu hivi vina maana yoyote, au nilipotea tangu mwanzo? Na ule ukweli niuseme, au niache muda upite?

Ni mimi, Mama Mkubwa ambaye hakuna anayemwita tena kwa sauti.

JIBU LA MSHAURI

Mama Mkubwa, nimesoma mpaka mwisho kama ulivyotaka. Pole. Umesema inamfaa mtu mwingine, nami nasema inawafaa nyote wanne, wewe, mdogo wako na hao watoto wawili, lakini hujaja kwangu kufarijiwa, kwa hiyo tuseme.

Usinunue. Ungekuwa mbele yangu ningekuomba hiyo akiba yako nikakushikia mpaka mwezi ujao upite. Hebu jiweke mahali pa mdogo wako. Dada yako amemwambia mwanao, mbele yako, kwamba kwenu hamna kitu cha thamani. Halafu anabisha hodi amebeba kitu cha thamani. Wewe ungesikia nini hapo? Ungesikia tusi lilelile, safari hii limefungwa kwa karatasi ya zawadi. Na Kasuku naye, unampa kichwa kilekile kilichomponza akichane nywele? Acha, mama.

Umeuliza kama vitu hivi vina maana kwa watoto wadogo. Sina ugomvi na wanasesere, wala na bei zao. Mtoto wa miaka mitano anataka mtu mdogo wa kumwamrisha. Amvue, amvishe, amnyweshe uji, amwangushe, amchape, ambembeleze, amsahau chini ya kitanda na kumlilia. Anafanya kwa huyo yale tunayomfanyia yeye. Kabla hujalipa, jiulize jambo moja tu: nikimkuta amelala uso chini kwenye tope, nitaendelea kuanika nguo zangu? Kama jibu ni ndiyo, nunua hata wa bei ya juu. Kama jibu ni hapana, unanunua pambo la sebule, na hapo nunua saa ya ukutani, haitampigisha mtu.

Nami si msafi katika hili. Nilimnunulia binti yangu mwanasesere wa aina hiyo na sikuruhusu atolewe kwenye boksi, nikisema atamfaidi akikua. Amekua. Siku anahamia kwake nilimkabidhi lile boksi, akalitazama lile karatasi la plastiki ambalo halijachanwa, akanirudishia. "Hiki ni chako, mama," akasema, wala hakuwa na hasira. Ningefurahi angekuwa nayo. Kwa hiyo nikikukaripia, jua nakukaripia nikiwa nimekaa benchi moja na wewe.

Na karipio lenyewe ni hili. Barua yako yote inalia kwa sababu Kasuku hakuwa na kosa. Je, angekuwa ndiye aliyekata? Maneno yale yangekuwa halali? Wewe unayewapima watu macho kila siku, soma tena barua yako, utaona hapo ndipo mahali ambapo hukugusa. Kukata nywele za mwanasesere ni utundu wa dakika tano. Ulichosema kuhusu kwao kilikuwa ndani yako kabla ya mkasi. Huenda ulianza kukifikiri siku ulipopata kabati la vioo na mdogo wako akabaki na kiti cha kukodi. Sisemi wewe ni mtu mbaya. Nasema usipokwenda kuomba radhi kwa hilo, utakuwa umeomba radhi kwa jambo dogo na kuliacha kubwa limekaa.

Muda usiuache upite. Mtoto wa miaka sita alikuwa na uhakika kwamba wewe huwezi kumpiga. Kila wiki inayopita anajifunza kuishi bila uhakika huo, na akishazoea hakuna barua ya kwangu itakayomrudisha.

Basi fanya hivi. Leo, kabla ya chakula, mkalishe binti yako umwambie kwamba alikosea kukata na alikosea zaidi kunyamaza, lakini wewe ndiye uliyemtia hofu mpaka akanyamaza, na hofu hiyo umeiondoa. Sema kwa maneno mafupi, usilie mbele yake, asije akaanza kukubembeleza wewe. Yule Mgeni mtoe, mpe, na ufunguo wa kabati mpe mume wako auyeyushe na vyuma vyake.

Kesho mpigie mdogo wako. Usiulize kama ana mteja. Sema, "Nina jambo la kumwambia mwanao mbele yako, sema siku na saa." Nenda peke yako. Binti yako usimbebe kama ngao, zamu yake ya kuomba radhi itakuja na ataisema mwenyewe kwa mwenzake. Ukifika, anza na mtoto. Piga magoti ili macho yenu yalingane, umwambie, "Nilikupiga na hukukosa. Na hata ungekosa, yale niliyosema kuhusu kwenu yalikuwa uongo, na mimi ndiye niliyekosa." Usiongeze "lakini". Usimwambie ulikuwa umechoka. Usimuulize kwa nini alijitwika kosa la mwenzake, alifanya hivyo kwa upendo na hadaiwi maelezo.

Ndipo umgeukie mdogo wako, umwambie nani alikata, na kwamba ulijua ukakaa naye saluni ukaongelea mafuta ya nywele. Hilo la mwisho ndilo litakalokuuma kulitamka, kwa hiyo lisiachwe. Atakasirika. Ana haki. Pengine atakuambia mambo ya zamani ambayo ulidhani yameshasahauliwa, ya tangu mko wadogo, ya nani alipewa nini. Sikiliza mpaka amalize. Kuhusu kumchukia binti yako, muulize mwenyewe, usimsemee. Huyo ni mama pia, na ni huyohuyo aliyewaletea wote wawili machungwa.

Usimwombe akusamehe siku hiyohiyo ili wewe upate usingizi. Akikupa maji, kunywa. Asipokupa, ondoka na kiu yako. Mwambie utarudi, kisha urudi.