Kura Yangu na Dawa za Nasra

Jumanne. Mvua inanyesha na kuacha tangu asubuhi, Kariakoo yote ni matope. Nimechoka, na naandika hapa kwa sababu sina pengine pa kusemea.

Leo tulikuwa na kikao cha kamati ya kituo chetu cha afya. Mimi ni muuza vitenge tu, niliingia humo kama mwakilishi wa wananchi. Siku nilipochaguliwa nilitamba mtaa mzima.

Mganga mfawidhi, mkuu wa kituo, hakuzunguka mbuyu. Fedha hazitoshi. Tukinunua dawa za presha na kisukari, wazee wengi watatibiwa. Tukiendelea na dawa za sikoseli, ambazo ni ghali, watapata nafuu watoto wachache. Tuchague.

Nilitafuta kosa kwenye maelezo yake, sikuliona. Tukapiga kura kwa kunyoosha mikono, nami nikanyoosha kwa ajili ya wale wengi.

Hata sasa naona tulichagua sawa. Hilo ndilo linalonikatisha tamaa. Ningekuwa nimekosea, ningeomba kikao kingine turekebishe.

Muda wote huo meza yangu sokoni ilikuwa inaangaliwa na Mama Nasra, jirani yangu wa biashara. Binti yake Nasra ana sikoseli. Tangu aanze zile dawa za kituoni, maumivu ya mifupa yamepungua na shule anaenda. Kuzinunua duka la dawa, mama yake hana uwezo huo.

Niliporudi nilimkuta ameshaniuzia doti kadhaa na kuzifunika nyingine zisilowe. Nikamweleza tulivyoamua. Nilitegemea angefoka. Akakaa juu ya ndoo, akawa anakunja kitenge ambacho kilikuwa kimeshakunjwa.

Kisha akauliza, "Na wewe shoga, ulinyoosha wapi?"

"Mimi nilikataa. Wakanizidi."

Nimemdanganya mchana kweupe.

"Ahsante, shoga yangu. Angalau tuna mtu wetu mle ndani."

Nilitamani ardhi inimeze. Yeye akafuta macho kwa ncha ya mtandio, akaniomba kikao kijacho nimsemee tena Nasra kama nilivyomsemea leo.

Nimemwahidi.

Nitasimama niseme nini, na fedha ni zilezile, na wale wazee bado wanaumwa?