Vibuyu Vyangu, Majina Yako

Msengi, mwenzangu tuliyetahiriwa siku moja,

Shikamoo usiingoje, mimi ndiye niliyetangulia kuzaliwa, na kufa hakumpi mtu ukubwa. Hapa Ilongero tupo. Mtama umevunwa mara mbili tangu tukuzike. Barua hii naiandika kwa mkono wangu, mimi Njiku, niliyekuwa sijui hata herufi moja ulipokuwa hai. Leo ni siku ya nne niko nayo. Cheka ukipenda.

Nilikuonea wivu. Bado nakuonea.

Vile vibuyu vilikuwa vyangu. Nani alipanda mbegu? Nani alivikata, akavitoa matumbo, akavifukiza moshi? Kutoka hapa mpaka Singida hakuna fundi wa vibuyu kama mimi, hata karani wa boma hunywea maziwa kibuyu changu. Wewe ulikuja na msumari wa moto tu, na ile misimu miwili uliyosoma misheni ya Kilimatinde, ukachoma jina la kila mtoto ubavuni mwa kibuyu chake. Watoto wadogo, shule haijawataka bado. Asubuhi unavipanga uani kwako, kila mmoja atafute chake, alichore jina lake kwa kidole kwenye majivu, ndipo apewe uji. Mama zao wakasema, "Vibuyu vya Mwalimu." Vya Mwalimu! Hata mjukuu wangu Salome, niliyemlea mimi, alipita mlangoni kwangu akikimbilia kwako. Shikamoo yangu alinirushia mgongo umeshageuka.

Uliniambia, "Njoo ukae nao, Njiku, nafasi ipo kwenye ngozi." Nikakujibu kwamba mzee haketi na wenye kamasi. Ukacheka. Kile kicheko chako... basi, tuache.

Ulipokufa nilikulilia. Lakini sikufichi, nilisema pia moyoni, sasa watakuja kwangu. Wakaja, vibuyu vyao vingi vimeshapasuka. Nikakata vipya, nikachoma alama ninazozijua, zile tunazowachoma ng'ombe: huyu mistari miwili, huyu upinde, huyu jicho. Nikavipanga, nikangoja sifa.

Salome akakigeuza chake, akakigeuza tena. "Babu, hii ni ya ng'ombe. Mimi niko wapi?" Akakiweka chini. Wenzake nao wakaweka, mmoja mmoja, Msengi, uji ukaganda chunguni. Kesho yake walikuja watatu. Keshokutwa, Salome peke yake.

Nikakaa kwenye ngozi. Ndiyo, mimi. Nikamwambia, "Haya, nionyeshe ulipo." Akanishika kidole akakiburuta kwenye majivu. Ni mkali kuliko wewe. "Siyo hivyo, Babu. Futa." Nilifuta mpaka mkono wote ukawa wa kijivu. Jina lake kwanza, halafu langu, halafu la kila mtoto aliyerudi. Sasa wamejaa ua. Wako hawakuwahi kujaa hivi, usijidai.

Juzi nikachoma kimoja, herufi zimesimama kama askari mbele ya Bwana Shauri, mkuu wa boma. Nikasema, mnaona kazi? Kadogo kamoja, Hadija, kakasema, "Kama ya Mwalimu." Nusura nikipasue! Kisha kakauliza, "Na cha Mwalimu mwenyewe kiko wapi?"

Nikaenda kwako, nikatafuta kila pembe. Hakipo. Uliwachomea wote, mwenyewe ukanywea chochote kilichobaki. Na mimi fundi, miaka yote hiyo, sikukukatia hata kimoja. Nilikaa chini hapo hapo mlangoni pako.

Sasa nimekukatia. Cha mbegu ile bora, shingo ndefu, jina lako ubavuni, kila herufi kwa mkono wangu. Jumapili nakuletea kaburini na uji wa mtama, watoto wakisome kwa sauti usikie. Na nakuahidi, kila atakayekaa kwenye ngozi ile, akishajua jina lake atajua na lako. Lake, langu, kisha lako.

Ila kitakoni nimechoma alama ya ng'ombe wangu, ndogo tu. Huko uliko wakikuuliza nani fundi wa kibuyu hiki, usinyamaze.

Lala, ndugu yangu.

Njiku