Tairi la Spea Lilitangulia Nyegezi

Ilemela, Mwanza
Ijumaa, baada ya chakula cha mchana

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Shangazi Mwanabaraka, shikamoo na wewe, maana najua miwani iko puani kwako na karatasi hii iko mikononi mwako. Nakuomba umsomee yote kama yalivyo, usiruke mahali unapoona kaka yako atakasirika. Hapo ndipo upandishe sauti.

Sisi huku hatujambo kabisa. Suhaib mdogo wangu anakusalimu; vumbi la njiani limemkaba kidogo kifua, lakini anakula kama kawaida yake, yaani sana. Mvua zimeanza na mawe ya huku mlimani yanateleza hatari. Wewe je, Baba? Shangazi aliniambia kwenye simu kwamba jicho la kulia sasa linaona ukungu mtupu na la kushoto linaelekea huko huko, na kwamba ulimimina chai mezani ukidhani kikombe kipo. Nililia, Baba. Nilipomaliza kulia nikakasirika. Daktari alishatueleza kwamba huo ni mtoto wa jicho, upasuaji wake ni mdogo, ila tusiendelee kuchelewa. Wewe ukasema hutaki kushikwa mkono stendi kama kipofu, mbele ya madereva waliokuwa wanakupisha barabarani enzi zako. Ukatoa na sharti: utakwenda hospitali kwa gari la nyumbani, likiendeshwa na dereva uliyemfundisha wewe mwenyewe, la sivyo tukuache hapo Nansio na giza lako. Nadhani ulijua hatuna gari, ukaona umetuweza.

Haya, gari lipo. Ni Noah nyeupe, limetumika lakini halijachoka. Namna tulivyolipata ni habari ndefu. Jua tu kwamba cherehani zangu hazikulala mwaka mzima. Mimi na Suhaib tulikwenda kulichukua Dar es Salaam, tukafikia kwa mama mdogo Nusrat pale Ilala. Kila ulichozoea kutuambia dereva asisafiri bila hicho tulikinunua: jeki, spana ya magurudumu, mkanda wa feni wa ziada, fyuzi, kamba ya kuvutia, maji ya rejeta, hata kile kipande cha sabuni ya mche ulichosema kinaziba tangi likitoboka. Tairi la spea nililikagua mwenyewe, nikalibonyeza, nikalipiga teke kama unavyofanya wewe. Vifaa vyote tukavitia kwenye sanduku moja, na Suhaib akasema kwa sanduku lile tungeweza kufika hata Kigali.

Sasa sikia tulivyoharibu. Mama mdogo, Mungu ampe maisha marefu, alimwambia jirani mmoja tu kwamba kuna gari linakwenda Mwanza tupu. Mmoja tu! Kufika jioni sebule ilikuwa imejaa. Godoro la mtu wa Mabatini, meza ya vipodozi yenye kioo, kichwa cha cherehani, majora ya vitambaa ya Mama Saroj mwenye duka la pale mjini, na jiko la gesi ambalo mpaka leo sijui ni la nani. Ungekataa lipi, Baba? Kila mzigo ulikuja na mwenyewe, na kila mwenyewe alikuja na salamu na maneno matamu. Tukapakia, tukapakua, tukapakia tena, meza ya vipodozi ikagoma kuingia. Ndipo mama mdogo akatoa wazo kwamba tairi la spea na sanduku la vifaa viende kwa basi, tuvikute stendi ya Nyegezi huku Mwanza. Suhaib aliuliza kwa nini isiende meza. Mama mdogo alimshangaa sana. Alisema meza ni amana ya watu, ikipata mkwaruzo kwenye basi tutasemwa mpaka kwenye misiba, lakini tairi halina ndugu wa kununa. Wallahi, na mimi nikaona ana akili. Tukalipeleka tairi kwenye basi, tukarudi tumefurahi.

Tulikwenda vizuri mno. Dodoma tulilala, Singida tukanywa chai, tukashuka mlima Sekenke taratibu kwa gia ndogo, huku malori yanapumua nyuma yetu. Tulipokaribia Igunga gari likaanza kuvuta kushoto. Hatukukanyaga breki ghafla. Tuliliacha lipungue lenyewe mpaka pembeni. Msumari, Baba, mrefu kama kidole changu. Suhaib alifungua mlango wa nyuma, akalitazama godoro, akanitazama mimi, akaufunga tena. Hata zile pembetatu za tahadhari zilikuwa zimekwenda na sanduku. Tukakata matawi tukayapanga barabarani, kisha tukasimama juani kama waliofukuzwa harusini.

Alisimama dereva wa lori anaitwa Ndalahwa, mtu mzima kidogo, mpole. Aliuliza spea iko wapi. Suhaib akamjibu iko Nyegezi. Akadhani hajasikia, akauliza tena. Alipoonyeshwa shehena yetu na ile meza ya vipodozi, alicheka mpaka akaketi chini, akasema tangu aanze kazi hajaona watu waliotanguliza tairi wakabaki na kioo cha kujitazama. Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini alitoa jeki yake. Alipotaka kuinua gari nilimwomba tulegeze nati kwanza, gurudumu likiwa bado limekanyaga chini, na tuweke mawe kwenye magurudumu mengine. Aliniuliza nimefundishwa na nani, nikamjibu na baba yangu. Akanikabidhi spana, akasimama pembeni kuangalia.

Gurudumu lilipotoka alimbeba Suhaib nalo mpaka Igunga kuziba, na Suhaib akarudi kwa bodaboda amelikumbatia. Mimi nilibaki nalinda amana za watu. Tulimkuta tena Ndalahwa pale Igunga anakula, tukamrudishia jeki yake, tukataka kumshukuru kwa chochote, akakataa katakata. Kisha akauliza kwa aibu kama tunapita Misungwi, maana ana kuku wawili wa kumpelekea mama yake. Tungesemaje? Kuku wakaingia juu ya godoro, na mama yake tulimkuta, alitubariki sana. Nyegezi karani wa mizigo alitutangazia mbele ya watu wote kwamba tairi letu limetusubiri mpaka limechoka. Tangu siku hiyo spea na sanduku havitoki ndani ya gari, hata nikienda sokoni, hata aje nani na godoro lake.

Shangazi, sasa soma polepole. Baba, najua muda wote huu ulikuwa unamwona Suhaib kwenye usukani, kwa sababu yeye ndiye uliyemfundisha. Suhaib aliendesha mpaka Chalinze. Malori yalipoanza kutubana aliegesha pembeni, akaniambia dada shika wewe, mimi nitatuua. Amenipa ruhusa nikueleze. Kutoka Chalinze mpaka mlangoni kwetu hapa Ilemela, dereva ni mimi. Sekenke nimeishuka mimi. Leseni uliyoniambia niitundike ukutani ndiyo waliyoikagua trafiki njia nzima, wakaniambia safari njema.

Na usiseme hukunifundisha. Ulipokuwa unamfundisha Suhaib kwenye ile pikapu, mimi nilikuwa kiti cha nyuma na kapu langu la sokoni. Uliyekuwa unamfokea ni yeye, lakini aliyekuwa anasikia ni mimi. Kila nilichofanya kwenye barabara ile nilikifanya kwa sauti yako. Kwa hiyo sharti lako limetimia, Baba, upende usipende.

Hospitali wanatungoja Jumanne. Jumapili nitapita Bunda, nitavuka kwa kivuko pale Kisorya, nitafika Nansio kabla ya jioni. Naogopa sana, sio barabara, naogopa ubishi wako. Sitaki uje kuwasikia wajukuu zako bila kuziona sura zao. Nitaegesha mlangoni kabisa kwa Shangazi, hapatakuwa na stendi wala madereva wa kukutazama. Nitakushika mkono hatua chache tu, na mtu akiuliza nitasema nimekushika wewe ili nisianguke mimi. Kiti cha mbele ni chako. Ukisema nipunguze mwendo nitapunguza, ukitaka kunifokea nifokee upendavyo. Ukisema nigeuze turudi, hapo tu, Baba, nitajifanya sisikii.

Shangazi, mfungie nguo zake hata akinuna. Majirani wote nawasalimu, na Mungu awalinde mpaka Jumapili.

Ni mimi mwanao, na dereva wako,
Nasma Muhidin