Baruti Iliyobaki Kwenye Kipimio

Jumapili, 1 Mei 1983

Siku ya nane ya ndoa. Bado nashtuka nikiamka na kukuta mwanamume kando yangu. Halafu nakumbuka ni Dell, na ni wangu, na cheti cha kanisa kinasema hivyo.

Leo baada ya ibada amenipeleka karakana, hapo nyuma ya nyumba. Amenikalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, akanivalisha miwani mikubwa ya kukinga macho, kisha akaanza kusubu risasi. Sikujua mtu anaweza kupendeza hivyo akiwa na aproni ya ngozi! Anayeyusha vile vipande vizito vya kusawazishia magurudumu, anavyopewa na mtu wa gereji, mpaka sufuria inang'aa kama kioo. Anachota kwa upawa mdogo. Anamimina ndani ya kalibu. Anahesabu kimoyomoyo, midomo inacheza. Anafungua — zinadondoka mbili kwenye taulo. Ndogo kama punje za mahindi. Mimi nilidhani risasi ni kitu kikubwa. Kumbe bunduki ya kwao Dell ni ya kindi tu, wale wanaotoboatoboa mashamba ya majani ya ng'ombe, na ya mashindano ya klabu ya shabaha.

Kalibu aliichonga babu yake mwenyewe. Kwa akina Ostby, ukoo wa Dell, ni mkono mmoja tu unaosubu kwa ajili ya ukoo mzima, na kalibu inakaa kwa mwenye mkono huo. Baba mkwe aliishika miaka thelathini, mpaka vidole vikaanza kutetemeka. Krismasi iliyopita akampa Dell. Wifi yangu Twyla ndiye mkubwa, tena ana shabaha kuliko wote, akarukwa. Dell alisema siku ile aliona afadhali apewe kalibu kuliko shamba.

Majira yote ya baridi amekuwa akitafuta kipimo chake cha baruti. Anaongeza chembe, anapiga tano, anapima matundu, anaandika. Anapunguza chembe, anapiga tano. Mwezi wa tatu akakipata: matundu matano yakaungana, yakawa kama ua moja dogo. Karatasi ile alinipa mimi. "Hii nilikupigia wewe," alisema. Nimeitia kwenye fremu, iko juu ya kitanda. Mama yangu ameiona na hakujua aseme nini.

Jumatano, 4 Mei

Leo Dell alikuwa anasubu tena. Nilimpelekea juisi ya limau yenye barafu, glasi imelowa kwa nje, nikainama kumbusu. Tone moja likaangukia kwenye sufuria.

Tone moja tu. Sufuria ikalipuka kama imepigwa ngumi kutoka chini. Madini ya moto mpaka darini. Nusu ya unyusi wa Dell haipo.

Akanipigia kelele. Mara ya kwanza. "Toka! Toka nje!" Nikasimama kwenye theluji iliyobaki nikilia na glasi mkononi. Akanifuata, akanishika uso kwa glavu zake kubwa, akasema hakunikasirikia mimi, alikasirikia maji. Twyla alikuwa amekuja kumletea maganda matupu ya risasi za bastola yake ayajaze baruti upya. Akasema, "Wifi, ukitaka kumuua, subiri hata mwezi upite. Watu bado hawajamaliza kula keki yenu."

Jioni Dell akaanza kumjazia Twyla zile za bastola. Nilikuwa nimeoka pai ya tufaha kuomba radhi. Nikamwita mlangoni. Akasema amalizie. Nikasema mimi na pai hatusubiri. Akaja! Akaacha kila kitu. Nilijiona malkia.

Alhamisi, 5 Mei

Dell yuko kazini, kwenye maghala ya nafaka. Mimi nimemfanyia jambo.

Nimesafisha karakana yote. Nimefuta dirisha ambalo nadhani halijaguswa tangu liwekwe, sasa milima inaonekana. Nimekwangua madini darini. Nimepanga maganda, brashi, mizani. Kwenye kile kipimio cha baruti kilichofungwa kwenye ukingo wa meza, cha mkono wa kuvuta, kulikuwa na baruti imebaki. Nikaimimina kwenye kikombe cha kupimia unga, nikairudisha kwenye mkebe, nikafunga vizuri. Sijamwaga hata chembe.

Aliporudi alisimama mlangoni. Halafu akaninyanyua akanizungusha mpaka kiatu kikanivuka. "Hata Baba hajawahi kuwa na karakana kama hii," alisema.

Nampenda. Sina neno jingine.

Ijumaa, 6 Mei

Kesho mchana ni mashindano ya klabu. Baba mkwe anapiga kwa mara ya kwanza tangu apasuliwe jicho. Dell amejaza hamsini na tano kwa kile kipimo chake, akabakiza tano, akampelekea boksi la hamsini akiwa na haraka ya kurudi kula. Hakujaribu hata moja. Anasema kipimo anakijua kama jina lake.

Nimepika nyama na viazi vya oveni. Viliungua pembeni. Akala hata palipoungua.

Jumamosi, 7 Mei, asubuhi

Lazima niandike kwa mpangilio, ama sivyo nitapiga kelele.

Saa tatu Twyla amekuja kuchukua risasi zake za bastola. Dell yuko bafuni ananyoa. Nikamwonyesha karakana, najisifu kama mtoto.

"Wifi," akasema, "umeigeuza chumba cha daktari wa meno." Akahesabu zake. "Mbona thelathini tu? Aliachia katikati? Baruti iliyobaki kwenye kipimio Dell kaiweka wapi?"

"Niliirudisha mimi kwenye mkebe."

"Mkebe upi?"

Nikageukia rafu. Mikebe miwili, yote myekundu, yote mirefu sawa. Nikanyoosha kidole. Kisha nikakishusha, kwa sababu sikuwa na hakika.

Twyla hakutania tena. Akaniambia polepole, kama anayeongea na mtu aliyesimama ukingoni mwa paa. Mkebe mmoja ni baruti ya bastola, inawaka mara moja, yote kwa pamoja. Mwingine una ya bunduki, inayowaka taratibu. Ndiyo maana mkebe ni mmoja tu mezani, siku zote, na kipimio hakilali na kitu ndani. Ukiweka ya bastola kwenye ganda la bunduki, bunduki haipigi. Inafunguka. Na uso wa mtu uko hapo nyuma yake.

Baba mkwe ana hamsini za mkebe ule wa bunduki, na labda ndimo nilimomimina ya bastola.

Sikumbuki kupanda ngazi. Nilimwambia Dell yote kwenye mlango wa bafu, na povu usoni mwake, na nilimwona akinitazama kama mtu anayesikia lugha ngeni. Halafu akakimbilia simu.

Ilimlilia mkononi mara kumi na moja. Nilihesabu. Mama mkwe akapokea. Nilikuwa nimeegemea bega la Dell, nikasikia sauti yake, ametulia kabisa. Baba yuko uani, anataka kujaribu mbili tatu kwenye nguzo kabla ya kutoka.

"Mama, mwite. Sasa hivi. Mwambie asiguse kitu."

Simu ikawekwa chini. Tukasikia mlango wa wavu. Tukasikia akimwita Baba, "Palmer! Palmer!"

Tukasubiri mlio.

Zikaja hatua tu. Hatua za buti, na Baba akasema, "Nini tena? Risasi imeshaingia chemba ya bunduki."

Dell akakaa sakafuni. Twyla ndiye aliyeshika simu kumweleza aitoe.

Jumamosi, mchana

Baba mkwe yuko jikoni kwetu sasa hivi. Mashindano yameanza bila yeye.

Kabla hajafika, Dell alimwaga mikebe yote miwili kwenye kitalu cha bustani, ili mvua iimalize, kwa sababu baruti yenye shaka hairudi rafuni. Akafungua tano alizobakiza za hamsini na tano, akamwaga chembe kwenye karatasi nyeupe. Aina mbili. Hata mimi niliona. Zimechanganyika kama chumvi na pilipili.

Alinishika mabega. "Ukisikia Baba anauliza, wewe unaumwa kichwa. Uko chumbani."

"Lakini ni mimi, Dell."

"Mimi ndiye niliyeacha kipimio na kitu ndani. Mengine hayamhusu."

Baba akaingia na boksi chini ya kwapa. Hakuvua kofia, nimechungulia. Niko nyuma ya mlango wa chumba na kila neno linafika.

"Nani alimimina?"

"Mimi, Baba."

Nikasikia boksi likiwekwa mezani.

"Basi unajua mwenyewe. Kalibu naondoka nayo. Itakwenda kwa Twyla."

Mume wangu akasema ndiyo. Hakujitetea hata kidogo. Nimejiziba mdomo kwa mto. Mtu yule aliyekuwa anahesabu kimoyomoyo — hatasubu tena, na kwa ukoo wake atakuwa yule aliyekaribia kumuua baba yake. Maisha yake yote. Kwa sababu ya dirisha langu na kikombe changu cha unga.

Hapa hakuna mtu anayeondoka bila kahawa, hata akiwa na hasira. Kwa hiyo wameketi. Nasikia vijiko. Kalibu lazima iko mezani, kati yao, maana nimesikia kitu kizito kikiwekwa juu ya mbao.

"Nimepitia karakana," Baba amesema. "Dirisha linang'aa."

"Ndiyo."

"Ulilifuta wewe?"

"Nimeoa, Baba. Mtu anabadilika."

"Miaka ishirini na mitano hujawahi kufuta hata miguu."

Kijiko kinazunguka, kinazunguka. Baba mkwe hanywi kikombe cha pili, Mama mkwe aliniambia hivyo wiki ya harusi, tusijisumbue kumwekea. Nimesikia kiti kikisogezwa, nikajua ndiyo anaondoka.

Kiti kimerudi mahali pake.

"Kahawa imepoa," amesema. Sauti kubwa, kubwa kuliko jikoni kunavyohitaji. "Hakuna mtu wa kuipasha humu?"

"Nitapasha mimi," Dell amesema.

"Wewe kaa."

Ananiita mimi, nikaseme mwenyewe. Nimevaa slipa moja. Nyingine siioni, labda iko chini ya kitanda