Beberu Mmoja, Mara Tano

Yarzich,
Gojal.
4 Aprili, 1999

Mpendwa mpwa wangu Didar,

Ya Ali Madad. Hujambo huko Karachi? Joto halijakuyeyusha? Natumaini unakula vizuri na kwamba lile jino umeshaling'oa. Sisi huku tu wazima. Mama yako hajambo, ila goti linamuuma kila akiombwa kazi asiyoipenda. Mimi nina afya ya kutosha kuwakera watu hadi mwakani.

Sasa kaa vizuri. Majira haya ya baridi mjomba wako amepiga picha ya mabeberu wa milimani watano, pembe zao ndefu kuliko mkono wangu, wote kwenye mwamba mmoja, wametulia kama wazee msibani. Bonde hili lote hakuna aliyewahi kuwapata hivyo.

Haya, acha kutikisa kichwa. Ni uongo. Ni beberu mmoja. Nimempiga picha mara tano.

Ile kamera niliyoachiwa na Mjapani niliyembebea mizigo ina kidude kando ya mkono wa kusogezea filamu. Ukikivuta, filamu haiendi popote, na picha mpya inalala juu ya ile ya kwanza. Miaka yote nilidhani ni ubovu. Halafu mwaka jana filamu zikawa zinaniishia, na Gilgit zinakouzwa ni mbali, nikawaza: kama chumba ni kimoja, wageni na wabanane.

Mwanzoni nililaza maua ya aprikoti juu ya mlima wa barafu. Ikatoka nyeupe yote, kama mtu kamwaga maziwa. Mkaza-mjomba wako Gulnasab akaishika, akaigeuza juu chini, akasema, "Mzee, umeenda hadi kule kupiga picha ya shuka?" Lakini nilijifunza. Mahali palipokwisha kushiba mwanga hapapokei kitu kingine. Penye giza ndipo picha ya pili inapopata pa kukaa. Tena kila mara uipe mwanga kwa ubahili, vinginevyo zote zinaungua.

Basi nikauchagua ule mwamba mweusi ulio juu ya mfereji, ambao theluji haiushiki. Nikaibana kamera kwa mawe isicheze. Beberu akatokea, mgongo wake wa majira ya baridi mweupe kama jivu, akaanza kupanda. Kila aliposimama, nilibonyeza. Unamjua: yule aliyevunjika ncha ya pembe ya kushoto. Ni picha nzuri, nasema mwenyewe kwa kuwa hakuna mwingine wa kusema.

Siku ya mwaka mpya wa Nauruzi nikaitundika ukumbini watu waitazame wakila. Hapo ndipo Hunar Shah, mwenyekiti wa kamati ya wanyamapori, aliposimama na kipande cha mkate mdomoni. "Watano!" akasema. "Jamani, tuna mabeberu watano!"

Utaratibu unaujua. Kijiji kikionyesha mabeberu wakubwa wa kutosha, idara inatoa kibali, mgeni anakuja na bunduki, analipa, anaua mmoja, na sisi tunapata bomba la maji. Mimi sina ugomvi na bomba. Nimechoka kuvunja barafu ya mfereji kwa shoka. Ila tangu yale maporomoko ya theluji ya mwaka juzi, aliyebaki mkubwa ni huyo huyo. Vijana wake pembe zao bado ni kama vijiko vya chai. Akiuawa yeye, majike wakishuka majira yajayo watamkuta nani?

Nikamwambia, "Hunar Shah, huyo ni mmoja."

"Mzee, kuhesabu nilifundishwa shuleni. Wewe je?"

"Mtazame huyu wa katikati. Tumboni mwake unaona jiwe. Ulishawahi kumwona mbuzi wa kioo?"

"Ukungu huo."

"Na wote watano wamevunjika pembe ya kushoto?"

"Ndugu hao. Wanapigana."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na hawakumcheka yeye. Mtu akapaza sauti kutoka nyuma, "Mzee Qalandar, si wewe uliyetuapia kwamba chui wa theluji alikuja mlangoni kuomba chumvi? Leo ndiyo umeamua kusema kweli?" Gulnasab akacheka kuliko wote. Nami ningecheka, kama wasingekuwa wananitazama mimi.

Sasa sikiliza. Hunar Shah anakuja Karachi wiki ijayo kupasuliwa jicho. Ndiyo, huyo huyo aliyehesabu. Anakuja na ile filamu mfukoni, anataka picha kubwa itoke hapo studio kwenu, kisha aipeleke kwa wale wa vibali. Nimemwambia, "Muulize Didar, yeye ndiye anayeshinda na mapicha." Akakubali mbele ya watu. Akasema, "Didar akisema ni mmoja, naichana mwenyewe."

Najua pia unamtaka Mehrangez, binti yake. Usidhani ni siri, hata mbuzi wa mama yako wanajua. Atakuja na mfuko wa aprikoti kavu zilizochambuliwa na binti huyo, atakuita mwanangu, na atataka kusikia watano. Ukimwambia mmoja, atanuna, na pengine bomba litachelewa, na pengine na harusi.

Msalimie kaka yako Rahbar, na mkewe Lal Begum, na yule mtoto wao aliyening'ata kidole. Kidole kimepona. Mama yako anakusalimu na anasema uvae fulana ya ndani hata kama ni joto. Mola akuepushie magari ya huko na macho mabaya, akupe riziki na usingizi.

Lakini kiangazi kile nilipokuchungia mbuzi kule malishoni ili ufanye mtihani wako, uliniambia, "Mjomba, siku yoyote, neno lolote." Nalitaka sasa, na ni neno moja tu. Aweke filamu mezani, uiinue kwenye mwanga, umwambie, "Mmoja." Umwambie kabla hujaonja aprikoti.

Ni mimi nikupendaye bila masharti, ila hilo,
mjomba wako,
Qalandar Beg